Muhula wa Baharini Unguja: Mwongozo Kamili kwa Mwanafunzi wa Bayolojia ya Bahari

Muhula wa uwandani wa wiki 15 una bamvua saba. Kama utafiti wako unafanyika kwenye maji ya pwani, hesabu hiyo iandike kabla ya bajeti na kabla ya orodha ya vifaa. Bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, huja kila baada ya siku 14 au 15. Kila moja hukupa siku nne au tano ambazo bahari inapwa vya kutosha kukuachia nyasi za bahari, mawe na viumbe vyake wazi. Bamvua ya kwanza itaisha ukijifunza njia. Ya mwisho itakukuta unafunga kazi. Moja kati ya zilizobaki itachukuliwa na upepo, mvua, homa, au boti iliyoharibika mashine. Chukulia zimebaki nne za uhakika. Nne mara siku tano ni siku 20 za kukusanya takwimu, na kila siku ina saa tatu hivi za kazi.

Wanafunzi wengi hushuka bandarini Malindi, mjini Unguja, wakiamini wana miezi mitatu na nusu, kumbe wana saa 60. Mwongozo huu umepangwa kwa ajili ya saa hizo 60: jinsi ya kuzitayarisha, kuzitumia, na kuishi vizuri katikati yake.

Mfano wangu ni Ghuba ya Chwaka, mashariki ya Unguja, kiasi cha kilomita 30 kutoka mjini. Nimeichagua kwa sababu ndani ya ghuba moja mwanafunzi anakuta mikoko, nyasi za bahari, mashamba ya mwani, matumbawe kwenye mlango wa ghuba, na vijiji vinavyoishi kwa vyote hivyo: Chwaka, Marumbi, Uroa, Charawe, Ukongoroni, Michamvi. Anayekwenda Mafia, Pemba au Lamu atatumia hatua zilezile kwa jedwali la maji la huko.

Hatua ya 1: Jedwali la maji kwanza, swali la utafiti baadaye

Tafuta jedwali la kupwa na kujaa la bandari ya Zanzibar, la mwaka mzima. Kila siku ina saa za maji na kimo chake kwa mita. Kimo hicho hupimwa kutoka usawa wa ramani za bahari, ambao uko karibu na pale maji yanapofika yakipwa kupita kiasi. Ukiona 0.2, siku hiyo utatembea mbali sana bila kulowa magoti. Ukiona 1.5, hayo ni maji mafu, yale ya kati ya bamvua na bamvua yasiyopwa sana, na utakuta eneo lako limefunikwa. Paka rangi siku zote ambazo maji ya mchana yanashuka chini ya mita 0.6. Siku zenye rangi ndizo kalenda yako, na mengine yote yatajipanga kuzizunguka.

Mwambao wetu una neema moja ambayo inafaa uijue. Kwenye bamvua za Unguja maji hupwa karibu na saa nne asubuhi, na hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na alasiri. Ni hivyo mwaka hadi mwaka. Siku zinavyosonga, kupwa kunachelewa kwa dakika 40 au 50 kila siku, kwa hiyo kupwa kwa siku zako tano za kazi kutakuwa kati ya saa tatu asubuhi na saa saba mchana. Ziko pwani duniani ambako maji makubwa ya kupwa huangukia usiku, na watafiti wake hufanya kazi kwa tochi. Wewe utafanya kwenye mwanga, lakini kwenye jua kali.

Bamvua za mwezi Machi na Septemba, jua linapokuwa juu ya ikweta, ndizo kubwa kuliko zote. Kama muhula wako una mojawapo, iwekee vituo vyako vya mbali kabisa, vile vilivyo ukingoni mwa mwamba. Nafasi ya kuvifikia kwa miguu hairudi kwa urahisi.

Halafu angalia pepo. Kaskazi huvuma takriban kuanzia Desemba hadi Machi. Maji huwa ya joto, hufika nyuzi 29 na zaidi. Kusi hushika Juni hadi Septemba. Bahari ya nje huchafuka, upande wa mashariki hupigwa moja kwa moja, na maji hupoa hadi nyuzi 25 au 26. Kati ya pepo hizo kuna maleleji, na hapo bahari hutulia. Masika, Machi hadi Mei, huleta mvua na maji yenye tope karibu na mikoko. Anayetaka kuangalia matumbawe yakipauka aje Machi na Aprili, joto linapofika kileleni. Anayetaka maji maangavu ya kuhesabia samaki aje Oktoba au Novemba. Kuja kuhesabu samaki wa matumbawe wakati wa masika ni kujitafutia huzuni.

Sasa chagua swali, ulipime kwa saa zako 60. "Athari za mabadiliko ya tabianchi kwa bayoanuwai ya Ghuba ya Chwaka" ni kazi ya taasisi nzima kwa miaka kumi. Hili hapa linaingia: je, ndani ya mashamba ya mwani nyasi za bahari zinafunika sakafu kwa asilimia sawa na nje ya mashamba?

Lipigie hesabu. Njia iliyozoeleka ni kutandika tepu tatu za mita 50, zikiachana mita 25, na kuweka fremu ya mraba ya sentimita 50 kwa 50 kila baada ya mita 5. Tepu moja ina fremu 11, tatu zina 33. Ukiipa kila fremu dakika tatu, ni dakika 99, yaani saa moja na nusu na ushei. Ongeza muda wa kutandika tepu na kuzikunja, na siku moja ya maji imekwisha kwa kituo kimoja. Bamvua moja inakupa vituo vinne: viwili shambani, viwili nje, na siku ya tano ya akiba. Ukirudia kwenye bamvua tatu utakuwa na vituo vyako vinne vilivyopimwa mara tatu, na bamvua ya nne inabaki ya kuziba mapengo. Swali likizidi hesabu hii, lipunguze ukiwa bado chuoni.

Hatua ya 2: Vibali, barua, na ruhusa ya kweli

Zanzibar ina utaratibu wake wa vibali vya utafiti chini ya Serikali ya Mapinduzi. Usidhani kibali cha Bara kinatosha. Anza miezi mitatu kabla, na uombe kupitia taasisi inayokupokea kisiwani. Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 1978 na sasa iko Buyu, imepokea wanafunzi wa aina hii kwa vizazi. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar nacho kinapokea. Ukitaka kuingia kwenye mikoko ya kusini mwa ghuba, kumbuka sehemu yake imo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Jozani–Ghuba ya Chwaka, iliyotangazwa mwaka 2004, na hifadhi ina ruhusa yake.

Kibali cha mjini kinakupa haki ya kisheria ya kuwapo. Ruhusa inayokuwezesha kufanya kazi inatoka kijijini. Siku ya kwanza nenda kwa sheha, kiongozi wa serikali wa shehia, na barua mkononi, umevaa nguo za heshima, kabla hujakanyaga pwani. Sheha atakuelekeza kwa kamati ya wavuvi ya shehia, na kamati itataka kujua mambo matatu: unatafuta nini, utachukua nini, utatuachia nini. Jibu kwa Kiswahili chepesi. Kama utachukua majani ya kupima uzito, sema ni mangapi. Vijiji hivi vimeona watafiti wengi waliojaza madodoso na kutorudi, na watu wana haki ya kuuliza.

Hatua ya 3: Vifaa vinavyodumu kwenye chumvi

Vitu vingi vya dukani hufa kwa chumvi ndani ya wiki ya pili, kwa hiyo tengeneza vya kwako. Fremu ya mraba itengeneze kwa mabomba ya plastiki ya maji, kisha toboa matundu pande zote ili maji yaingie izame. Bila matundu itaelea na kukukimbia. Funga nyuzi ndani yake kugawa miraba midogo, kazi ya kukadiria asilimia itakuwa nyepesi. Kwa kuandikia chini ya maji, kata kipande cha plastiki nyeupe ngumu, kikwaruze kwa msasa, na uandike kwa penseli. Wino huondoka na wimbi la kwanza, penseli hubaki hadi uisugue.

Vingine: tepu tatu za mita 50 za faiba, si za chuma, vipande vya nondo vya kuwekea alama, simu au kifaa cha jipiesi (GPS) ndani ya mfuko usiopitisha maji, miwani ya kupigia mbizi na mrija wake, kofia pana, shati la mikono mirefu. Miguuni vaa raba za zamani zenye soli nene au viatu vya kupigia mbizi. Yeboyebo na malapa yaache nyumbani: yanakwama kwenye tope la mikoko na hayazuii mwiba.

Kila jioni suuza kila kitu kwa maji ya bomba. Kila kitu, hata kufuli ya begi.

Hatua ya 4: Kuishi kijijini

Kupanga chumba kijijini ni bora mara nyingi kuliko kulala mjini na kupanda daladala. Daladala za Chwaka zipo, lakini zinafuata abiria, hazifuati maji, na maji hayakusubiri. Mkubaliane na mwenye nyumba mapema juu ya umeme wa Tukuza, ule wa kulipia kabla, maji ya kuoga, na mahali pa kuanika vifaa vinavyonuka bahari. Hilo la mwisho huleta mtafaruku kuliko kodi.

Mpate mama mmoja wa kukupikia kwa mwezi, umlipe kwa mpango. Siku za bamvua utataka kula kabla ya saa moja asubuhi: muhogo, chapati, chai, mandazi; chakula cha mchana utakikuta saa nane au tisa. Mweleze kalenda yako. Ukisema "keshokutwa bamvua inaanza", hatakuuliza zaidi. Huenda yeye mwenyewe anakwenda kwenye mwani siku hiyo.

Mavazi ya kujistiri ni sehemu ya kazi. Msichana atafanya kazi vizuri akiwa na suruali nyepesi, shati refu na kanga ya kujifunga akipita kijijini. Mvulana asipite mitaani kifua wazi. Wazee waamkie shikamoo hata kama umechelewa, na usiwapite watu waliokaa barazani bila salamu. Ramadhani hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka, kwa hiyo angalia kama inaangukia muhula wako. Ikiangukia, usile wala kunywa hadharani mchana, na usipange mahojiano baada ya saa nane. Watu wanafunga na wanafanya kazi juani kama wewe.

Hatua ya 5: Bamvua ya kwanza, tembea na mwenyeji

Usitandike tepu hata moja kwenye bamvua ya kwanza. Tafuta mvuvi au mama anayechokoa pweza, mlipe siku yake, mfuate. Mwambie akuonyeshe mambo manne: njia za kuingilia na kutokea, mikondo inayojaa kwanza, mipaka ya mashamba ya mwani ya kila mtu, na mawe yasiyokanyagwa. Weka alama za jipiesi, lakini jifunze pia vielekezo vya nchi kavu anavyovitumia yeye, ule mnazi ukilingana na ule mnara wa msikiti. Betri ikiisha, mnazi utakuwa bado upo.

Tumia siku hizo kujifunza spishi. Unguja ina kama kumi za nyasi za bahari, na kuzichanganya ndiko kunakoharibu takwimu nyingi za wanafunzi. Chukua jani moja moja, litazame dhidi ya mwanga. *Thalassia hemprichii* ina jani lililopinda kidogo kama mundu, lenye vidoa vyekundu vya hudhurungi. *Cymodocea rotundata* na *Cymodocea serrulata* zinafanana mpaka ukipitisha kidole kwenye ncha: ya kwanza ni laini, ya pili ina meno madogo. *Syringodium* jani lake ni duara, si bapa. *Halophila ovalis* ina vijani viwili viwili vya umbo la yai, vidogo kiasi kwamba mwanafunzi mwenye haraka huviruka. *Thalassodendron ciliatum* ina shina gumu kama mti na kishungi cha majani juu. *Enhalus acoroides* ni ndefu kuliko zote, na shina lake la chini lina nyuzi nyeusi ngumu. Timu nzima ikadirie fremu zilezile kumi, kila mtu peke yake, kisha mlinganishe. Mkitofautiana kwa zaidi ya asilimia 10, rudieni mpaka macho yenu yakubaliane.

Kwenye mikoko fanya vivyo hivyo, na chukua majina ya wenyeji, maana yana ujuzi ndani yake: mkoko wenyewe wenye mizizi ya magongo (*Rhizophora mucronata*), mchu unaotoa mizizi ya kupumulia kama penseli zilizosimama (*Avicennia marina*), mkandaa (*Ceriops tagal*), muia (*Bruguiera gymnorhiza*), na mlilana unaosimama mbele kabisa, upande wa bahari (*Sonneratia alba*).

Hatua ya 6: Siku ya kazi, saa kwa saa

Tuseme jedwali linasema maji yatapwa saa nne na nusu asubuhi, mita 0.3. Saa mbili kabla, yaani saa mbili na nusu, uwe umesimama pwani, vifaa begani. Fuata maji yanavyotoka. Anza na tepu iliyo karibu na nchi kavu, malizia na ya mbali, ili saa ya kupwa ikukute mwisho wa eneo lako. Saa ya kupwa ikifika, anza kurudi, hata kama umebakiza fremu tano. Hii ni sharti kwa kila kikundi ninachokisimamia na sijawahi kuona sababu ya kuilegeza.

Sababu yake ni hii. Maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Gawanya tofauti ya kupwa na kujaa kwa 12: saa ya kwanza hupanda sehemu moja, ya pili mbili, ya tatu tatu, ya nne tatu, ya tano mbili, ya sita moja. Kwa bamvua yenye tofauti ya mita 3.6, saa ya kwanza ni sentimita 30 tu, na mtu hudanganyika kwamba kuna wakati. Saa ya tatu ni sentimita 90. Na maji hayaji kwa mbele pekee. Huingia kwanza kwenye mikondo iliyo nyuma yako, kati ya fungu ulilosimama na nchi kavu. Fungu likiwa bado kavu, mkondo wa kurudia unaweza kuwa umeshafika kifuani.

Kazi igawanywe watu watatu: mmoja anasoma fremu, mmoja anaandika, mmoja anahamisha tepu na kuangalia saa. Mwandishi arudie kwa sauti kila namba anayoandika. Piga picha ya kila fremu kutoka juu, na kibao chenye namba ya kituo, tepu na mita kikionekana kwenye picha. Baada ya wiki tatu hutakumbuka ipi ilikuwa ipi.

Usikate kamba za mwani, usizivuke kwa kuzikanyaga, usisogeze vijiti. Mashamba hayo yana wenyewe, na wengi wao ni akina mama. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza Unguja mwaka 1989, Paje na Jambiani, na kalenda yake ni ileile yako: wakulima huenda siku za bamvua, maji yakipwa, kufunga mbegu kwa taitai, vile vipande vya kamba nyembamba, na kuvuna uliokomaa baada ya wiki sita hivi. Mtakutana kila siku ya kazi. Ukipita, salimia; ukiwa na dakika kumi, saidia kubeba. Mahojiano mazuri kuliko yote niliyowahi kuyasikia yalifanyika wakati mwanafunzi ameshika ncha moja ya kamba.

Jioni ya siku hiyohiyo, kabla ya kulala, ingiza takwimu kwenye kompyuta na upige picha karatasi zote. Usiahirishe. Namba iliyofifia leo utaikumbuka leo; keshokutwa utaibahatisha.

Hatua ya 7: Maji mafu si likizo

Siku zilizo kati ya bamvua na bamvua zina kazi yake. Maji mafu hayana mkondo mkali, kwa hiyo ndiyo wakati wa kupiga mbizi kwenye matumbawe: tope limetulia, na huna haja ya kupigana na maji kwenye mlango wa ghuba. Pigeni mbizi wawili wawili, daima. Anayetumia mtungi wa hewa na kurudia siku kadhaa asipande ndege kabla ya saa 18 kupita tangu mbizi ya mwisho.

Ni vizuri pia kutumia siku moja kutembelea Chumbe, magharibi ya Unguja, kisiwa chenye mnara wa taa wa mwaka 1904 na mwamba uliofungwa kwa uvuvi tangu miaka ya 1990. Ukishaona mwamba usiovuliwa kwa miaka yote hiyo, macho yako yanapata kipimo. Mwanafunzi aliyeona tu miamba iliyopauka mwaka 1998 na tena 2016 anaweza kudhani hiyo ndiyo hali ya kawaida.

Siku nyingine za maji mafu ni za diko, mahali vyombo vinaposhushia samaki. Nenda wakati vyombo vinaporudi, jitambulishe kwa bwana diko, ambaye ndiye anayeandika samaki wanaoshuka, na umwombe akuonyeshe anavyofanya kabla hujaleta fomu yako. Andika aina ya chombo, idadi ya mabaharia, zana (dema, mshipi, nyavu, uzio), saa walizokaa baharini, kisha urefu na uzito wa samaki. Bila saa na idadi ya watu, kilo peke yake hazielezi kitu. Omba ruhusa kabla ya kushika samaki. Mnada ukianza, sogea pembeni. Mchuuzi anawahi soko na wewe unamshikia mali yake.

Majina ya samaki yanahitaji uangalifu. Tasi wa Chwaka mara nyingi ni *Siganus sutor*, na pono wa nyasi ni *Leptoscarus vaigiensis*. Hao wawili utawaona sana kwenye dema. Changu, kwa upande wake, ni jina la spishi kadhaa za *Lethrinus*, na wavuvi wana majina ya ziada ya kuwatofautisha. Uliza jina la pili, piga picha ya ubavuni, ndipo uandike la kisayansi.

Hatua ya 8: Mwili wako

Jua la saa tano juu ya mchanga mweupe linakupiga juu na chini. Beba lita mbili za maji kwa kila mtu na pakiti za chumvi na sukari za kuongeza maji mwilini. Lala ndani ya chandarua.

Buruta miguu unapotembea kwenye mchanga wenye maji, usiinue na kukanyaga. Samaki taa aliyejifukia atasikia na kuondoka. Ukichomwa na taa, samaki jiwe, au samaki yeyote wa miiba ya sumu, weka sehemu iliyoumia kwenye maji ya moto kiasi ambacho mguu mzima usioumia unavumilia, karibu nyuzi 45, kwa nusu saa hadi saa moja na nusu, kisha uende kituo cha afya. Joto hupunguza nguvu ya sumu na maumivu hushuka wazi. Beba chupa ya maji ya moto kila siku ya kazi. Konokono wa jenasi *Conus*, wenye gamba zuri lenye umbo la koni, wasiokotwe kabisa, hata kwa kushikwa upande ulio mpana. Mwiba wao hufika. Mikwaruzo ya matumbawe ioshwe kwa maji safi na sabuni siku hiyohiyo, maana huoza kwa urahisi kwenye joto na unyevu.

Kuna upweke pia, hasa wiki ya sita au ya saba, takwimu zikiwa nusu na nyumbani mbali. Siku za bamvua huusikii, maji mafu ndiyo huleta mawazo. Nenda uwanjani jioni, cheza mpira na vijana, kaa barazani, nenda Forodhani ukale urojo Jumamosi. Mwambie msimamizi wako mapema kama hulali vizuri. Ni bora asikie kwako kuliko kusikia kwa wengine.

Hatua ya 9: Kufunga kazi

Sampuli zifungwe mwezi mmoja kabla ya kuondoka, kwa sababu karatasi zake ndizo zinazochelewa. Matumbawe magumu, makombe makubwa ya jenasi *Tridacna* na farasi bahari wako chini ya CITES, mkataba wa biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini. Hata kipande kilichookotwa kikiwa kimekufa hakivuki mpaka bila kibali. Majani makavu na tope nayo yanahitaji barua. Kama sampuli inaweza kuchunguzwa Buyu, ichunguzwe Buyu.

Bamvua ya mwisho ng'oa nondo zote kwa kufuata orodha yako ya jipiesi, ukizihesabu moja moja. Nondo iliyoachwa hufunikwa na mchanga, na anayeikanyaga ni yule mama aliyekuonyesha njia.

Andaa matokeo kwenye karatasi mbili za Kiswahili, zenye ramani ya vituo kwa majina ya wenyeji na namba chache. Omba kikao na kamati ya wavuvi na wakulima wa mwani siku ya maji mafu, baada ya alasiri, ili wasilazimike kuacha kazi. Eleza ulichokuta, hata kama ni kwamba hukuona tofauti yoyote kati ya shamba na nje. Waulize kama kinalingana na wanachokiona wao, na majibu yao uyaandike kwenye ripoti. Nakala moja mwachie sheha, moja kamati, moja bwana diko, na kila nakala iwe na namba ya simu ya msimamizi wako, kwa sababu maswali yao huja bamvua inayofuata, ukiwa umeshaondoka.